Neno la Mhariri: Aliyeshika Ngoma

Morogoro ilijifunza muziki wa Cuba kwa santuri. Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda La Paloma, bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Baadaye Mbaraka Mwinshehe akatamba na Morogoro Jazz, na mji ulio chini ya milima ya Uluguru ukawa mji wa dansi.

Katika nyimbo hizo mwanamke haadimiki. Anabembelezwa, anasutwa, anaonywa. Salum Abdallah ana wimbo mzima uitwao "Wanawake Tanzania". Maikrofoni, hata hivyo, ilikuwa ya mwanamume.

Jirani na Cuba, katika Jamhuri ya Dominika, muziki wa merenge nao ulikuwa wa wanaume hadi alipotokea Fefita la Grande, mzaliwa wa miaka ya 1940. Alianza kupiga akordiani utotoni, na miaka 70 ilimpita akiwa bado jukwaani. Katika merenge ya vijijini akordiani ndiyo inayoongoza, na akordiani ilikuwa mikononi mwake.

Kwetu mfano wake ni Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wa Unguja. Wengi humkumbuka kwa taarabu, kwa nyimbo alizozirithi kwa mwimbaji Siti binti Saad na kwa tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005. Hiyo ni nusu tu. Mtazame kwenye unyago: khanga imekazwa kiunoni, ngoma ya msondo iko katikati ya miguu, viganja vinatembea juu ya ngozi na wanawake wanaitikia. Hapo hakuna kiongozi wa bendi wa kumpangia zamu wala wa kumwambia amezeeka. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, umri wake ulikuwa bado unabishaniwa.

Hoja ya toleo hili inaanzia hapo. Mwimbaji wa kike hudumu pale anapokuwa na ngoma yake mwenyewe. Akikaribishwa tu kwenye ngoma ya wenzake, hudumu kwa hisani yao.

Uluguru inalijua jambo hili. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mwali anapofundwa, nyimbo ni za wanawake watu wazima. Mama anayeziongoza hadi uzeeni huweza kuzipita bendi kadhaa za mjini kwa umri wa kazi. Santuri yenye jina lake haipo, hivyo historia ya muziki wa Morogoro huandikwa kana kwamba ilianza na gitaa.

Kurasa zinazofuata zinapanda mlimani kumtafuta. Zipo nyimbo za ndani, ambazo si za kila sikio. Hizo tumewaachia wenyewe. Tunachotaka kujua ni nani alimfunza nani, ngoma ilipita mikono ya akina nani, na sasa imelazwa nyumba gani.