Ndugu zangu wa Singida, msinunue boti (bado)

Nimekuwa kimya karibu wiki mbili kwa sababu ya kazi za gazeti, lakini leo nimeshindwa kuvumilia. Jumatatu ijayo rafiki yangu mmoja anakwenda kusaini karatasi za kuuza kiwanja chake cha Mandewa, kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, ili apate fungu lake la kununua boti ya kuvulia baharini. Ndiyo, baharini. Mtoto wa Singida, tena wa kuzaliwa kabisa, anauza ardhi ya nchi kavu akanunue chombo cha majini kilometa kama mia saba kutoka nyumbani kwao.

Msinicheke kwanza, maana na mimi nimo. Tuko watano, tulisoma chuo kimoja, na kila mtu anatakiwa kutoa milioni 6. Jumla milioni 30. Kwa fedha hiyo tumeonyeshwa boti ya faiba iliyotumika, mashine moja, iko pwani. Mpango ni kuvua jodari na nguru huko nje kwenye kina kirefu, tuuze mnadani Feri, Dar es Salaam, na mzigo mwingine tuupandishe huku bara. Soko lipo. Nani asiyejua kuwa Singida tunakula samaki wa Mwanza kwa kudra za mabasi?

Mimi ndiye pekee niliyesema tukodi. Nikaitwa mwoga. Mmoja akaniambia, "Ndiyo maana waandishi wa habari mnakufa maskini, mnapanga kila kitu mpaka mawazo." Nilicheka, lakini iliniuma. Basi leo najibu.

Siku hizi kuna dini mpya mjini. Mahubiri yake ni mafupi: miliki chako. Ukipanga nyumba unaambiwa unamtajirisha mwenye nyumba. Ukikodi gari unaambiwa unachoma hela. Wahubiri wake wana suti nzuri na hawaonyeshi hesabu hata siku moja. Sasa mimi naleta hesabu, ya darasa la tano tu.

Tuliambiwa kukodi boti ya namna ile ni shilingi 300,000 kwa siku, chombo kitupu. Mafuta, barafu, chambo na posho za mabaharia ni juu yako, na hizo utalipa hata boti ikiwa yako, kwa hiyo tuziweke pembeni. Boti ikiwa yako kuna gharama zisizolala: mlinzi, matengenezo ya mashine, kuziba na kupaka rangi, leseni, ukaguzi, kamba na nanga zinazopotea. Tulipiga hesabu sisi wenyewe tukapata kama milioni 6 kwa mwaka, na hapo hatujaweka mashine kufa.

Haya. Ukiingia baharini siku 60 kwa mwaka, ungekodi ungelipa milioni 18. Ukimiliki unatoa milioni 6. Umeokoa milioni 12 kwa mwaka, na milioni 30 zako zinarudi baada ya miaka miwili na nusu. Hapo nunua, nitakusaidia kubeba nanga. Lakini ukiingia siku 20, kukodi ni milioni 6 na kutunza ni milioni 6. Boti haitakurudishia hata senti ya bei yake. Ukiingia siku 15 ndiyo kabisa, kila mwaka unazidi kuzama ukiwa umesimama nchi kavu.

Kwa hiyo suala la kukodi au kununua linakuja baadaye. Kwanza ujibu: utaingia majini siku ngapi? Jibu hilo usilitoe mbele ya mchumba. Kuna msimu wa kusi ambao bahari huchafuka na chombo kidogo hakina biashara ya kwenda mbali. Kuna kazi za kuajiriwa ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyesema ataacha. Kuna misiba, kuna harusi, kuna mashine iliyokaa gereji ikisubiri kipuri. Nilipowauliza wenzangu siku ngapi, wakajibu, "Nahodha ndiye atakayeingia, sisi tutafuatilia kwa simu."

Kwa simu! Jamani. Mwenye boti yuko Singida, nahodha yuko maji ya mbali ambako hata mtandao haushiki. Samaki wakipungua utajuaje kama bahari ilikuwa tupu au waliuzwa huko huko majini kabla ya kufika mnadani? Sisemi mabaharia ni wezi. Nasema mtu aliyekesha na mawimbi usiku kucha hawezi kuona haki ya wewe uliyelala Mandewa kuchukua fungu kubwa. Hata mimi nisingeiona.

Nataka kuwa mkweli, kwa sababu upande wa pili nao una hoja, na hoja yao kubwa naijua tangu utotoni. Huku kwetu Iramba asiye na ng'ombe wa kulimia hukodi. Mwenye plau hulima shamba lake kwanza, kisha la kaka yake, kisha la shemeji. Wewe uliyelipa hela taslimu unafikiwa mvua zikiwa zimekwishachanganya, na mtama wako unachelewa, na kilichochelewa huku kwetu mara nyingi hakivunwi. Mama yangu alilima hivyo miaka mingi. Hela ya kukodi ilikuwa ndogo. Kilichotuumiza ni zile wiki mbili za kusubiri.

Na majini ni vile vile. Ukivua dagaa kwa taa, kazi ni usiku wa giza, mbalamwezi ikijaa watu wanapumzika. Mwenye boti hawezi kukupa usiku wa giza akabaki yeye na mbalamwezi. Ukivua mbali, hakupi siku za bahari shwari akajiachia upepo. Anayekodi hupewa makombo ya kalenda, na mashine iliyochoka. Nimewahi kukodi mtumbwi Ziwa Kitangiri nikiwa chuo, kwa mbwembwe tu za kutafuta perege. Nilipewa kafi moja na kopo la kukombea maji. Kopo ndilo lililofanya kazi zaidi.

Kwa hiyo simwambii mtu kukodi ni akili na kununua ni ujinga. Nasema kukodi ni ada ya shule, na ada huwa na mwisho. Kodi msimu mmoja wa kaskazi. Andika mkataba wenye tarehe, useme ni siku gani hasa boti ni yako, na usikubali "tutawasiliana". Kabla ya kulipa, washa mashine mwenyewe. Hesabu jaketi za kuokolea maisha, zilingane na vichwa. Uliza kama kuna mashine ya akiba, maana kwa safari za mbali mashine ikizima huwezi kushuka ukasukuma. Halafu panda. Panda wewe mwenyewe mwenye diploma na digrii, utapike, ushike kamba, uone barafu inavyoyeyuka, uone dalali anavyokupangia bei. Msimu ukiisha utajua idadi ya siku zako, na utajua nahodha yupi anafaa awe mbia mwenye hisa, badala ya kibarua wa kupigiwa simu.

Kama mnadhani haya ni mambo ya vijana watano tu, tazameni nchi. Ukanda wetu wa kiuchumi baharini unafika maili 200 za majini, kilometa za mraba zipatazo 223,000. Jodari wanapita humo. Wavuvi wetu wengi wanabaki karibu na pwani kwa sababu vyombo vyao haviwezi kwenda mbali. Kwa miaka mingi wanaovua kule nje wamekuwa zaidi ni wageni wenye leseni, na wengine wasio nayo. Hapo hatujakodi boti, wala hatujanunua. Tumekodisha bahari! Ni sawa na mtu wa Singida kukodisha shamba lake la alizeti, kisha aende dukani kununua mafuta.

Tumejaribu kumiliki pia. Shirika la uvuvi la taifa, TAFICO, lilianzishwa 1974, likavunjwa miaka ya 1990 wakati wa ubinafsishaji, na baadaye likafufuliwa. Na mnakumbuka Machi 2009? Meli ya Tawariq 1 ilikamatwa kwenye maji yetu ikiwa na samaki wapatao tani 300, hayati John Magufuli akiwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi. "Samaki wa Magufuli" wakaliwa, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, na 2014 hukumu dhidi ya washtakiwa ikatenguliwa. Meli yenyewe ikachakaa bandarini Dar es Salaam. Ilikuwa mikononi mwetu, na haikutufundisha kuvua hata samaki mmoja. Ukipata chombo hujapata uwezo wa kukitumia.

Sasa hivi kuna juhudi. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko liliwekwa 2023, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi Mwanza boti na vizimba vya mkopo kwa wavuvi na wafugaji wa samaki. Naunga mkono. Lakini naomba serikali ijibu swali lile lile ninalowauliza wenzangu: siku ngapi majini, na nani atapanda? Meli ya mgeni ikikodiwa, ikodiwe kwa sharti kwamba vijana wetu wako ndani wanashika usukani, na samaki washushwe bandari yetu. Hiyo ndiyo ada inayolipa. Leseni tupu ni kuuza tiketi ya kuingia nyumbani kwako.

Narudi kwa rafiki yangu wa Mandewa, najua atasoma hapa. Ndugu yangu, milioni 6 zangu bado ziko benki na sijazitoa kwenye mpango. Tukodi Desemba, siku kumi, sote watano, kila mtu achukue likizo yake. Hiyo ni milioni 3 ya boti, yaani laki sita kila mmoja, ukiacha mafuta na barafu. Tukirudi na bado unataka kununua, nitatoa zangu zote bila neno, na nitakuomba radhi hapa hapa mbele za watu. Lakini kiwanja cha mzee usikiuze Jumatatu. Boti zitaendelea kuuzwa kila mwaka. Baba yako alikuachia kiwanja kimoja.

Nawasilisha. Wenye kunitukana karibuni, ila mje na hesabu.