Sheria Pekee Haitamlinda Kipepeo

Ndovu akiuawa, taifa zima hulia. Kipepeo akitoweka, hata jirani hana habari. Ni kweli kwamba tunayo Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013, na kwamba msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita 420 hivi za mraba na aina zaidi ya 200 za vipepeo, ni hifadhi ya serikali. Lakini kiwavi haishi kwa sheria. Huishi kwa majani, na kila aina ina mimea yake. Mmea ukikatwa, naye amekwisha.

Ndiyo maana nausifu mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Wengi wa majirani wa msitu walitaka ufyekwe wapate mashamba. Mradi uliwafunza wakulima kufuga viwavi na kuuza pupa ng'ambo, msitu ukawa na faida ungali umesimama.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sheria imzuie mwenye shoka, riziki imvute jirani. Nasi walimu, tumfundishe mwanafunzi jina la mti kabla ya kumwonyesha kipepeo.