Fungueni Hedifoni, Acheni Kuabudu Nembo

Kampala inanunua nembo, haisikii muziki. Sitauma maneno juu ya jambo hili. Kila asubuhi teksi zinazoshuka mjini kutoka Ntinda, Kireka na Nansana zimejaa vijana waliofunika masikio kwa hedifoni kubwa, herufi ya kampuni ya Marekani ikiwaka ubavuni, na kinachovuja humo ni mngurumo mmoja tu usio na mwimbaji wala gitaa. Wamelipa fedha ya jasho lao. Walichopewa ni plastiki nyepesi iliyovishwa jina la kuiba.

Tembea katikati ya mji, kuanzia Kikuubo hadi barabara za William na Luwum, ujionee. Beats, Sony, JBL, zote zimepangwa mezani kwa bei ambayo kiwanda chenyewe kisingethubutu kuuzia. Uliza kama waweza kusikiliza kwanza. Jibu nililopewa madukani, tena zaidi ya mara moja, ni kwamba ukifungua boksi umenunua. Mtu wa soko la Owino hanunui suruali ya mtumba bila kuipima kiunoni mbele za watu, na muuzaji humshikia kioo. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya masikio tunakinunua kwa macho, kisha tunapanda boda tukijiona tumepata.

Sheria ipo. Uganda ina Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, na ina Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, lenye jukumu la kuzuia bidhaa zisizofikia viwango. Nawataka wahusika wafanye kazi yao. Lakini hata meza zote za bidhaa feki zikifagiliwa kesho, ugonjwa utabaki, maana ugonjwa wenyewe ni imani kwamba sauti nzuri imo katika jina na bei. Haimo.

Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Marekani alifungua hedifoni za Beats ili akadirie gharama ya vifaa vilivyomo. Akakuta vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yake, viliwekwa kuongeza uzito ili mkono wa mnunuzi uamini umeshika kitu cha thamani. Habari ikazagaa dunia nzima. Baadaye ikabainika kwamba zile alizozifungua kwanza zilikuwa feki. Tafakari hapo. Mhandisi, tena akiwa na bisibisi mkononi na kifaa kimelala wazi mbele yake, hakuitambua feki. Wewe utaitambuaje ikiwa ndani ya boksi lililofungwa kwa nailoni?

Na zile halisi? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alitafuta uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Hakuupata. Anayekuambia kwamba ghali ndiyo yenye sauti anakusomea karatasi ya bei, hakusomei vipimo.

Wauzaji wana jibu lao la siku zote: watu wetu wanapenda besi. Maneno haya yananiudhi kuliko feki zenyewe. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwakalisha wasikilizaji wa Canada, Marekani, Ujerumani na China, wenye mafunzo na wasio nayo, wakawasikilizisha sauti za aina mbalimbali. Nchi kwa nchi, wengi walielekea upande ule ule: sauti inayokaribia ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi ya kutosha isiyomeza kilichobaki. Afrika haikuwamo katika jaribio hilo. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi imejazwa na dharau, kwamba sikio la Mwafrika linatosheka na kishindo.

Dharau hiyo inatamkwa katika mji gani? Katika mji wa amadinda! Marimba hii ya Buganda ina mbao 12. Wachezaji wawili hukaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja akipiga mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, kwa kasi inayoweza kukaribia mapigo kumi kwa sekunde. Kisha huja wa tatu, omukoonezi, mwenye mbao mbili tu za juu kabisa, na kazi yake ni kusikia. Anaudaka wimbo uliojificha katika mbao mbili za chini, wimbo ambao hakuna mchezaji hata mmoja anayeupiga peke yake, unaozaliwa pale mikono ya wawili inapopishana, naye anaurudia kule juu. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alikuja Kampala mwaka 1959, akakaa chini ya mwalimu wake Evaristo Muyinda kujifunza jambo hilo, na wataalamu wa dunia wameliandikia kurasa nyingi tangu hapo. Ni muziki uliojengwa na watu wanaojua kutenganisha sauti na sauti ndani ya sehemu ya sekunde. Wajukuu wao ndio wanaoambiwa leo kwamba wanataka besi tu.

Mtafiti Hugh Tracey alirekodi muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1950 na 1952. Mwaka 1966 majeshi yalivamia ikulu hiyo, Lubiri, kule Mengo, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wanamuziki wa ikulu wakapoteza kituo chao kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kwa hiyo rekodi zile ni ushahidi wa muziki huo. Zisikilize kwa hedifoni yenye besi iliyofurika. Kila pigo la chini linachelewa kuisha, linamwagikia pigo linalofuata, na mbao za juu zinazama. Omukoonezi anatoweka. Fanya hivyo hivyo kwa singeli ya Dar es Salaam, au kwa wimbo wa kadongo kamu ambao uzito wake wote umo katika maneno ya mwimbaji na gitaa lake. Kinachobaki ni kelele. Sikubali mtu aite kelele hiyo ladha yetu.

Basi kinachotakiwa ni kujifunza mambo mawili, kulinganisha na kurekebisha, na yote mawili yako ndani ya uwezo wa fundi yeyote wa simu na wa mnunuzi yeyote mwenye subira.

Kulinganisha kuna mtego mmoja mkubwa. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio husikia sauti za chini hafifu zinapokuwa ndogo, na huzisikia vizuri zaidi kadiri unavyopandisha. Hedifoni inayopiga kwa nguvu zaidi itaonekana bora hata kama ni mbovu, na muuzaji mjanja analijua hilo. Ndiyo maana anapandisha kabla ya kukuvisha. Shusha. Sawazisha hedifoni mbili unazolinganisha hadi sauti ya mwimbaji iwe na ukubwa uleule. Tumia wimbo unaoujua kwa moyo, kisha tumia sauti ya mtu, mtangazaji wa CBS ya Kampala au wa redio yoyote unayoisikiliza kila siku. Akisikika kifua chake kimekua ghafla na herufi zake za s zimefifia, rudisha hedifoni hiyo mezani. Mwambie rafiki akuvishe huku umefumba macho, usijue ipi ni ipi. Nembo haisikiki ukiwa umefumba macho.

Kurekebisha kunaanzia kwenye sponji, maana hapo ndipo mji huu unapopoteza sauti nyingi bila kujua. Hedifoni ya kufunika sikio lazima izibe kabisa kulizunguka sikio. Hewa ikipata mwanya, besi inaondoka nayo. Ngozi bandia ya sponji hupasuka na kubanduka kwa jasho. Misuko minene na rasta huiinua, mikono ya miwani huiinua. Mtu anasikia sauti imepwaya, anadhani spika zimekufa, anakwenda kununua feki nyingine. Alichohitaji ni sponji mpya, au kusogeza msuko nyuma ya sikio. Tena sponji si pambo. Ikiwa nene inasogeza spika mbali na sikio. Ya ngozi inashika besi. Ya mahameli inaiachia kidogo na sauti za kati zinapata nafasi. Kabla hujafungua skrubu yoyote, badili sponji usikilize.

Baada ya hapo ndipo bisibisi. Ndani ya kikombe cha hedifoni, nyuma ya spika, kuna uwazi, na sauti inayotoka nyuma ya spika hugonga ukuta wa plastiki na kurudi. Kipande chembamba cha pamba ya duka la dawa kinaimeza sehemu ya sauti hiyo. Ukishindilia nyingi, muziki unafifia. Ukuta wa kikombe ukiwa mwembamba unatetemeka na kulia wenyewe, nao hutulizwa kwa plastisini ya watoto ikibandikwa kwa ndani. Kisha tafuta tundu dogo la hewa. Tundu hilo huchangia kuamua kiasi cha besi katika hedifoni nyingi, na kulifunika nusu kwa plasta ya karatasi, ile ya hospitalini, mara nyingi kunaitikisa sauti nzima ya chini. Sauti za juu zikiwa kali zinazochoma, karatasi laini mbele ya spika inazituliza. Asiye na imani na karatasi akumbuke spika za Yamaha NS-10, ambazo baadhi ya mafundi wakubwa wa studio wa miaka ya 1980 walizichanganyia muziki uliouzwa duniani kote huku wamefunika spika zake ndogo za juu kwa karatasi ya chooni.

Badili kimoja kwa wakati. Fanya sawasawa kushoto na kulia. Usifanye lisiloweza kurudishwa, na usiguse utando wa spika kwa kidole. Fundi akichomea waya na kugeuza chanya na hasi upande mmoja tu, mwimbaji anaondoka katikati ya kichwa na besi inakonda. Ukisikia hivyo baada ya matengenezo, rudi usidanganywe kwamba ndivyo ilivyo. Na kama huna bisibisi, simu nyingi zina ikwalaiza. Punguza besi badala ya kuongeza kila kitu.

Kuna hedifoni zisizookoka. Spika iliyotengenezwa ovyo haiponi kwa pamba, na feki nyingi ziko hivyo. Ndiyo sababu nasema fedha iende kwenye kifaa cha kawaida chenye jina lake halisi, hata dogo, chenye skrubu na sponji za kubadilishwa, kisha ufundi ufanye kilichobaki.

Msiniambie huu ni mchezo wa watoto. Dan Clark wa Marekani alianza kwa kuchukua hedifoni za Fostex T50RP, za studio na za bei ya wastani, akazibadili sponji na ndani ya vikombe, akaziuza kwa jina la Mad Dog. Leo kampuni yenye jina lake inatengeneza hedifoni zake yenyewe. ZMF ya Chicago ilianzia kwenye T50RP hizo hizo, na leo inachonga vikombe vya mbao vinavyouzwa duniani. Kampuni hizo zilianza na wambiso, sponji na sikio lililokataa kuridhika. Kampala ina Katwe, ambako watu wanakunja chuma na kutoa mashine ya kusaga na ya kukamua. Ina mafundi wa simu wanaochomea vipande visivyoonekana kwa macho, wamekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara. Ina mti, ina ngozi, ina pamba inayolimwa humu nchini. Kwa nini mikono hiyo tunaiita kubandua kioo cha simu tu?

Na kuna afya. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza, na linashauri mtu asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Anayevaa hedifoni inayovuja ndani ya teksi, kondakta anaita abiria na honi zinalia Wandegeya, hupandisha sauti hadi ashinde kelele ya nje. Sponji inayoziba vizuri inamruhusu ashushe. Sikio likiharibiwa na kelele, halina sponji ya kubadilishwa.

Wenye maduka, wekeni hedifoni moja ya kila aina mezani, wazi, na waya wa kuunganisha simu ya mteja. Leteni sponji za akiba pamoja na boksi. Mafundi, andikeni kwenye kibao chenu kwamba mnatengeneza hedifoni, mtoze bei ya haki, na mchukue muda. Nawe msomaji, ukiambiwa huwezi kusikiliza kabla ya kulipa, rudisha fedha mfukoni uondoke.