Safari ya Brest Haianzii Paris
Wapo wanaodhani kuwa safari ya baiskeli ya Paris–Brest–Paris huko Ufaransa, ifanywayo kila baada ya miaka minne, kilomita zipatazo 1,200 kwa muda usiozidi saa 90, yataka nguvu za miguu tu. Hawa wanajidanganya. Sharti la kumaliza kwanza, katika mwaka huo huo, safari za kilomita 200, 300, 400 na 600 si urasimu hata kidogo. Ni katika ile ya 600 ndipo mtu hujifunza kula bila hamu, kuziba pancha gizani na, gumu kuliko yote, kukubali kulala. Charles Terront alishinda mwaka 1891 kwa saa zipatazo 71 bila kulala. Asifiwe, lakini asiigwe. Leo barabara zina magari. Asiye na nafasi ya mazoezi hayo na angoje miaka minne mingine.