Ukoka Haukufa, Umelala

Juma hili tuingie uani.

Katika nyumba zetu za nyuma ya Marikiti na za Mji wa Kale, ua si pambo. Ndipo mwanamke anapovua buibui akapata jua na upepo bila ya kuonekana na mpita njia, na ndipo wazee wanapobarizi baada ya alasiri. Ua wetu ulikuwa na kipande cha ukoka, ukubwa wake kama mikeka minne, alichokipanda mavyaa wangu kwa mikono yake.

Ukaja ukame. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za nchi, na Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa janga la taifa. Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya bomba hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Yalipoadimika, ya kunywa na kupikia yalitangulia, na ndiyo haki. Ukoka ukageuka rangi ya majivu. Mavyaa naye akaugua miguu, akawa hatoki tena nje. Baba watoto akamwita fundi aje kumwaga saruji.

Siku moja kabla ya fundi kuja, jirani yetu mtu mzima alichuchumaa akavuta shina moja. Halikung'oka. Akalikwaruza kwa ukucha karibu na kifundo. Ndani lilikuwa jeupe na lenye unyevu. "Mwanangu, huu haukufa, umelala. Mwambieni fundi asubiri."

Ukoka huweka uhai wake katika mashina yanayotambaa juu ya ardhi na chini yake. Majani yakikauka, vifundo vyaweza kubaki hai kwa muda mrefu. Basi, dada yangu, kabla hujahukumu, vuta na ukwaruze mahali mbalimbali. Ule unaong'oka kwa wepesi, mkavu hadi ndani, ndio uliokufa.

Tulianza kwa kuondoa majani makavu kwa reki, taratibu, mashina yasing'oke. Ardhi ilikuwa imeshikana kama sakafu, maji yakipita juu yake tu. Tukaitoboa matundu ya kina cha kidole, kila shubiri moja. Kisha tukatandaza samadi kidogo, ile iliyooza vyema, kwani samadi mbichi huunguza.

Kunyunyizia kidogo kila siku hulea mizizi ya juujuu. Ni afadhali kuishibisha ardhi kila baada ya siku tatu au nne, alfajiri au jioni. Sisi tuliweka beseni mahali pa kutawadhia, maji ya udhu yakaenda uani. Maji ya kufulia yenye dawa ya madoa hatukuyatumia. Wala usitegemee kisima peke yake: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, nayo hubaki ardhini ikaizuia mizizi kunywa. Mvua ndiyo inayoiosha chumvi hiyo na kuishusha chini.

Kwa hiyo kazi ya kuziba mapengo ingojee masika. Kata mashina mabichi yenye vifundo viwili au vitatu, zika vifundo na uache ncha nje, shubiri moja baina ya shina na shina. Zuia miguu ya watoto mpaka mizizi ishike. Na siku ya kukata mara ya kwanza, usipunguze zaidi ya thuluthi ya urefu.

Masika ya 2023 yaliponyesha, upande wa kisimani ulichipua wenyewe. Upande wa ukutani ulikuwa umekufa kweli, tukaupanda upya kwa mashina ya ule ulio hai.

Fundi naye hakukosa riziki yake. Saruji aliyokuja nayo aliifanyia mtelemko mdogo mlangoni, ili kiti cha magurudumu kipite. Sasa kila baada ya alasiri mavyaa yuko nje, na yeye ndiye anayewafukuza wajukuu wasiukanyage ukoka wake.