Wahadhiri Nasi Tukaguliwe

Nilifika Bute nimejaa vumbi la barabara, fomu za ukaguzi zikiwa mkobani. Kila mwaka vyuo vikuu hututuma mashuleni kuwatathmini wanafunzi wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha, na safari hii nilipangiwa mji huu wa kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, upande wa mpaka wa Ethiopia. Nikaketi nyuma ya darasa, nikaandika. Azimio la kazi lipo. Andalio la somo lipo. Maswali kwa wanafunzi: hayatoshi. Matumizi ya ubao: wastani.

Baadaye tuliketi chini ya mti kujadili alama zake. Kijana yule alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Samahani Daktari, na wewe hukaguliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha isimu kwa miaka kumi na minne na hapana mtu aliyewahi kuketi nyuma ya ukumbi wangu akiwa na fomu.

Hebu msomaji apime mwenyewe. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kufundisha katika shule ya msingi wala ya upili asiposajiliwa na TSC, na hasajiliwi bila mafunzo ya ualimu. Mimi je? Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 iliweka shahada ya uzamifu kuwa sharti la mhadhiri. Shahada hiyo ninayo. Tasnifu yangu ilihusu fonolojia, na haina ukurasa hata mmoja unaoeleza namna ya kumfahamisha kijana wa miaka 19 fonimu ni kitu gani. Tuliwaiga waliotufundisha, nao waliwaiga wao. Waliosema mganga hajigangi walitujua.

Niliporejea chuoni nilianza kujirekodi kwa simu. Aibu niliyoipata sitaisahau. Katika kipindi cha saa mbili, sauti iliyosikika ilikuwa yangu, yangu, na yangu tena. Niliuliza maswali, naam, lakini niliyajibu mwenyewe. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu wa kawaida husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba akivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza kusema. Mimi hata hiyo sekunde moja sikuitoa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mifano yangu yote ilikuwa ya ngeli za Kibantu, ilhali kwenye viti vya nyuma waliketi vijana wa Wajir na Garissa, kimya, muhula baada ya muhula. Nilidhani ni wazembe. Nilipojifunza kuuliza na kunyamaza, msichana mmoja alisimama akatoa mfano wa Kisomali. Kiatu, alisema, ni *kab*, nomino ya jinsia ya kike, ndiyo maana twasema *kabta*. Lakini vikiwa vingi ni *kabaha*, na hiyo *-ha* ni ya jinsia ya kiume. Yaani nomino hubadili jinsia ikiingia katika wingi! Ukumbi ulilipuka kwa ubishi. Mzungumzaji wa Kijaluo alitaka kujua sababu, mzungumzaji wa Kikamba akakataa katakata. Hicho ndicho kipindi bora nilichopata kukifundisha, na sehemu kubwa nilikuwa kimya.

Niliyaandika haya yote nikayawasilisha mbele ya kamati moja ya kupandisha vyeo. Nikaambiwa hiyo si isimu. Mwaka 1990 Ernest Boyer wa Marekani aliandika kwamba kuchunguza ufundishaji nako ni usomi. Miaka zaidi ya thelathini haijatosha kuifikisha hoja hiyo mezani kwetu.

Wenzangu watanikumbusha madarasa ya mamia ya wanafunzi na wahadhiri wa muda wanaosubiri malipo miezi na miezi. Ni kweli tupu. Wataongeza kwamba fomu ya ukaguzi yaweza kugeuzwa rungu mikononi mwa mkuu wa idara. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu napendekeza tukaguane sisi kwa sisi, mara mbili kwa muhula, na matokeo yasipelekwe kwa mkubwa yeyote.

Lakini jambo hili halingoji. Mapema mwaka 2020, baada ya magaidi kuwaua walimu Kamuthe, Kaunti ya Garissa, TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki. Madarasa yaliyoachwa wazi yanawategemea vijana kama yule wa Bute. Watafundisha kama tulivyowafundisha.

Nilimpa alama 64. Mwezi ujao mwenzangu wa idara ya historia ataketi nyuma ya ukumbi wangu, na nimempa fomu ile ile.