Mpira uliochezwa tukiwa hatupo

Wiki hii wengine watashangaa kuona ukurasa wetu wa mama na mtoto unazungumza mpira wa Ulaya. Mnivumilie kidogo, nina sababu yangu.

Mimi na watoto tulikaa kambini Kanyaruchinya zaidi ya miaka miwili. Huko kijana wangu, ambaye sasa ana miaka 14, alikuwa na mpira. Si mpira wa kupiga, hapana, alikuwa na habari zake. Jirani alikuwa na redio, na kando ya barabara kulikuwa na nyumba ya sinema ambapo watoto walichungulia kwenye tundu za mbao. Aliweza kukutajia wachezaji 11 wa Liverpool bila kusita, kama sisi tunavyotajana kwa zamu katika likelemba.

Februari 2025 kambi zilivunjwa, tukarudi kwetu. Nyumba haikuwa tena na mabati, na shamba lilikuwa limegeuka pori. Redio hatukuwa nayo, na simu hatukuwa na mahali pa kuitia umeme. Tukalima. Kijana alilima kama mtu mzima na akanyamaza kama mtu mzima. Nikimwita kula, anakula. Nikimwuliza jambo, anajibu "ndiyo mama" tu. Nikadhani ni uchovu.

Mwezi uliopita zamu yangu ya likelemba ilifika. Nilinunua mbegu, sabuni, daftari za masomo, na redio ndogo na mawe yake. Jioni ya kwanza, wakati wa habari za michezo, mtangazaji akasema "marehemu Diogo Jota". Kijana akaacha sahani yake.

"Mama, amesema marehemu?"

Mimi sikumjua Jota. Asubuhi tulienda kwa mwalimu jirani yetu, ambaye alibaki Goma muda huo wote, akatueleza. Jota, Mreno wa Liverpool, alikufa katika ajali ya gari Uhispania tarehe 3 Julai 2025, pamoja na mdogo wake André Silva, ambaye naye alikuwa mchezaji. Alikuwa na miaka 28 na watoto watatu, na ndoa yake ilikuwa na siku 11 tu. Jezi yake namba 20 klabu imeiweka kando, hakuna atakayeivaa tena.

Kijana alilia njia nzima. Nilitaka kumwambia, "Papa, huyo si ndugu yetu," lakini nilinyamaza. Tulipofika nyumbani akaniuliza: "Mama, na bibi wa hema la pili, mlimzika wapi?"

Bibi huyo alikufa siku zile za kufunga mizigo. Watoto tuliwaambia amesafiri. Kumbe mtoto alijua, na alibeba jambo hilo miezi yote akilima. Tulizungumza juu ya bibi, halafu juu ya wengine, mpaka giza likaingia. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu tutoke kambini.

Ndiyo maana nawaandikia. Watoto wetu wengi walipotea na habari za dunia yao kama sisi tulivyopotea na habari za ndugu. Mama akijua kidogo, anapata mlango wa kuingilia. Haya ndiyo niliyojifunza kwa mwalimu.

Liverpool walichukua ligi ya Uingereza mwezi wa nne 2025, na Jota alikuwa bado hai, bingwa pamoja nao. Msimu huo Uhispania ilikuwa Barcelona, Italia ilikuwa Napoli, Ujerumani ilikuwa Bayern. Ligi ya Mabingwa waliichukua PSG ya Paris tarehe 31 Mei, mara yao ya kwanza, wakiwafunga Inter mabao 5-0. Mchezaji wao Ousmane Dembélé alipewa Ballon d'Or mwezi wa tisa. Alilia mbele ya watu, na mama yake akapanda jukwaani akasimama naye. Hiyo habari wamama wa kikundi chetu waliniambia niirudie mara mbili.

Wenye binti wanaopenda mpira, wapeni hii: Kombe la Ulaya la wanawake lilichezwa Uswisi mwezi wa saba, na Uingereza wakawashinda Uhispania kwa penati.

Sasa watoto wetu wa Kongo walioko huko. Yoane Wissa alihama Brentford akaenda Newcastle, lakini aliumia goti akiwa na timu ya taifa dhidi ya Senegal mwezi wa tisa. Noah Sadiki alichukua ubingwa wa Ubelgiji na Union Saint-Gilloise, klabu iliyokuwa imeusubiri tangu 1935, kisha akaenda Sunderland. Arthur Masuaku naye alikwenda huko mwaka 2025. Chancel Mbemba alitoka Marseille mwaka 2025, akaenda Lille. Na Aaron Wan-Bissaka, aliyezaliwa London, alianza kuvaa jezi yetu mwaka 2025 akiwa West Ham.

Mkiyajua haya, msiyatumie kuwapima watoto. Mwulize mtoto: "Nimesikia Sadiki amehama, je, huko atafaa?" Halafu mwache akufundishe. Usiseme ni mambo ya wazungu. Ukisema hivyo, kesho ataenda kuzungumzia kwa vijana wanaocheza pari. Hapo muwe macho. Tiketi ya mechi 10, hata kama kila mechi ingekuwa na majibu mawili tu, anayebahatisha hupata mara 1 katika 1,024. Kijana wangu alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari, akacheka.

Ya mwisho ndiyo tamu. Mnakumbuka Februari 2024, Leopards kule Abidjan, walipofunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, kwa ajili ya watu wa mashariki? Kijana aliwaona kwa tundu la mbao, akarudi hemani akatuonyesha. Basi Novemba 2025, Rabat, wachezaji wengi walewale waliwatoa Kameruni 1-0, bao la Mbemba dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye wakawatoa Nigeria kwa penati, na penati ya mwisho ilipigwa na Mbemba huyohuyo. Hivyo wakapata safari ya Mexico ya Machi 2026, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Nchi yetu ilikuwa imefika huko mwaka 1974, ikiitwa Zaire.

Katika kikundi chetu tumekubaliana kila mama atoe kidogo kwa ajili ya mawe, ili siku za mechi redio isizimike. Watoto watakaa mbele.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mbegu za maharagi.